Ulinganisho wa vihisi vya kituo cha hali ya hewa cha nyumbani: DHT22, BME280 au SHT31?

MkulimaUru (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninakusudia kujenga kituo kidogo cha hali ya hewa nyumbani, na shemeji yangu anakwenda Dar es Salaam Ijumaa hii, kwa hiyo ninataka nimkabidhi orodha kamili ya vitu vya kununua Kariakoo. Nimesoma mengi na nimebaki na majina matatu ya vihisi vya joto na unyevu, yaani DHT22, BME280 na SHT31. Naomba mnieleze ni kipi kinastahili fedha yake, na kama DHT11, ambayo ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, inafaa au nisiiguse kabisa. Bodi ya kusomea vihisi ninayo tayari. Natanguliza shukrani.

FundiNjiro (Arusha)

Mkuu, karibu. Umetaja vihisi lakini hukutaja kazi, na bila kazi hatuwezi kukuchagulia. Ukishapata namba zako utaamua nini kwa namba hizo? Kituo kitakaa mjini au shambani, na ni umbali gani kutoka kwenye umeme na ruta? Bodi uliyonayo ni ipi? Bajeti ni kiasi gani? Vilevile hukusema lolote kuhusu mvua, jambo linalonishangaza kwa mtu anayejiita mkulima.

Kuhusu DHT11 naweza kujibu sasa hivi. Kwa maelezo ya mtengenezaji mwenyewe, inaweza kukosea nyuzi 2 juu au chini katika joto na asilimia 5 katika unyevu, na kipimo chake cha joto hakishuki chini ya sifuri. Inatosha kumfundishia mtoto namna kihisi kinavyozungumza na bodi, lakini haitoshi kuamulia jambo la shamba.

MzeeKisongo (Arusha)

Vijana wangu, mnaanza na joto na unyevu kana kwamba hivyo ndivyo vinavyoleta mvua. Kituo huanza na baromita. Mgandamizo wa hewa ukishuka, mvua inakuja. Ukipanda, anga linatulia. Baada ya hapo tafuta kipima upepo cha vikombe vitatu, kwa sababu huwezi kupiga dawa shambani bila kujua upepo. Huku kwetu Kisongo ni uwanda mtupu, na dawa inayopigwa upepo ukiwa umeamka huishia shambani kwa jirani. Kama fedha ni kidogo, nunua BMP280, ambayo ni ya bei ya chini na inasoma mgandamizo vizuri, uachane na hayo mengine.

MkulimaUru (Moshi)

Haya ndiyo maelezo mliyoyataka. Kihamba changu kipo Uru, kama mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, nina kahawa ndani ya migomba, na maharage pembeni. Ninachotaka kujua ni lini majani yamelowa na yamekaa hivyo kwa muda gani, ili niamue wakati wa kupiga dawa ya kopa dhidi ya magonjwa ya kahawa, yaani kutu ya majani na chulebuni. Msimu uliopita nililipia dawa na vibarua, mvua ikanyesha jioni hiyohiyo ikaosha kila kitu. Bodi ni NodeMCU yenye ESP8266. Kituo kitakuwa kama mita 80 kutoka kwenye nyumba yenye umeme na ruta, na betri pamoja na paneli ndogo ya sola ninavyo. Kwa vihisi nimetenga laki mbili, na sitaki kuzidisha.

BintiMachame (Moshi)

Kaka Mkulima, mimi nalima Machame, na hali ya hewa yetu haitofautiani sana na ya Uru, kwa hiyo nitakueleza kwa kirefu yaliyonipata ili usiyarudie.

Nilianza na DHT22 kwa sababu kila maelezo niliyoyasoma yaliisifu: joto kutoka nyuzi −40 hadi 80, kosa la nusu nyuzi, unyevu kutoka asilimia 0 hadi 100. Kiangazi kizima ilifanya kazi vizuri na nilikuwa naisifu kwa kila mtu. Masika ilipoingia mambo yakabadilika. Unajua mwenyewe kwamba mwezi wa Aprili ukungu hushuka huku usiku na asubuhi bado umetanda juu ya migomba. Kihisi kilipanda hadi 99.9 kikatulia hapo, na kwa saa za usiku namba hiyo ilikuwa ya kweli. Kasoro ni kwamba jua lilitoka, nguo zikakauka kwenye kamba, vumbi likaanza kuonekana barabarani, na kihisi kikaendelea kusema 99.9. Nilikitoa nikakiweka darini juu ya jiko, kikarudi katika hali yake kwa muda mfupi, kisha ukungu wa kwanza ukakirudisha palepale. Kwa jedwali lake, kahawa yangu ilikuwa imelowa mchana kutwa mfululizo, jambo ambalo lingenifanya nipige dawa ovyo kama nisingekuwa natembea shambani mwenyewe.

Nikaamua kununua BME280. Muuzaji mmoja aliniuzia kibodi kidogo cha zambarau chenye maandishi ya BME/BMP280 mgongoni, akanihakikishia kwamba kinapima joto, unyevu na mgandamizo. Joto kilisoma, mgandamizo kilisoma, unyevu ulikuwa sifuri wakati wote. Nilipompigia alisema programu yangu ina hitilafu. Nikabadilisha programu, nikabadilisha nyaya, nikabadilisha hata bodi, na unyevu ukabaki sifuri, hadi kijana mmoja wa chuo aliponionyesha kwamba ndani ya chipu kuna namba ya utambulisho inayoweza kusomwa kwa programu fupi. BME280 hujitambulisha kwa 0x60. Changu kilijitambulisha kwa 0x58, ambayo ni namba ya BMP280, na BMP280 haina kabisa sehemu ya kupima unyevu. Muuzaji alikataa kurudisha fedha kwa hoja kwamba nilikwisha kulehemu pini, na kweli nilikwisha kuzilehemu, kwa kuwa bila kuzilehemu hakisomeki.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usimtume shemeji kwa jina la kitu peke yake.

FundiNjiro (Arusha)

Pole sana, dada. Udanganyifu huo ni wa kawaida mno, na sababu yake ni kwamba BMP280 ni ya bei ya chini sana ikilinganishwa na BME280 halisi, ilhali kibodi kinachozibeba ni kilekile. Shemeji hatakuwa na kompyuta dukani, lakini ana simu yenye kamera. Apige picha ya karibu ya kile kisanduku cha chuma kilicho katikati ya kibodi. Cha BME280 kina pande sawa, milimita 2.5 kwa 2.5, na cha BMP280 ni cha mstatili, milimita 2 kwa 2.5. Ukiziona picha mbili, tofauti inaonekana wazi. Vilevile, ukiambiwa BME280 kwa bei ya BMP280, hiyo si BME280.

Pamoja na yote hayo, mimi bado naitetea BME280. Kifaa kimoja kinakupa vipimo vitatu, kosa lake la unyevu ni asilimia 3, mgandamizo hukosea kwa kiasi cha hektopaskali 1 tu, na hutumia umeme mdogo sana, jambo la maana kwa mtu wa betri. Hakikisha tu kwamba kinapata volti 3.3, ambazo NodeMCU inazo. Na jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: kikisomwa mfululizo bila kupumzika, hujipasha moto na kusoma joto la juu na unyevu wa chini kuliko hali halisi. Kiamshe, kisome mara moja, kilaze. Kwa shamba, kila baada ya dakika 5 inatosha kabisa.

MwalimuMoshono (Arusha)

Ndugu Mkulima, mimi nafundisha fizikia na nimejenga vituo vya namna hii pamoja na wanafunzi. Kwa matumizi uliyoyaeleza ningechukua SHT31, na sababu ni hoja ya umande yenyewe.

Majani hulowa kwa mvua au kwa umande. Umande hutokea jani linapopoa hadi chini ya kiwango cha umande cha hewa inayolizunguka, yaani joto ambalo mvuke wa hewa hiyo huanza kugeuka maji. Kiwango hicho hukadiriwa kwa hesabu nyepesi inayofaa unyevu ukiwa zaidi ya asilimia 50: toa unyevu kutoka 100, gawanya kwa 5, kisha toa jibu kutoka kwenye joto la hewa. Hewa ikiwa na nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 95, kiwango cha umande ni takriban nyuzi 17. Sasa angalia kihisi kinachokosea asilimia 5. Kosa hilo linahamisha kiwango cha umande kwa nyuzi 1 nzima, na nyuzi 1 ndiyo tofauti kati ya usiku wenye umande na usiku mkavu. SHT31 hukosea asilimia 2 tu katika unyevu na sehemu mbili za kumi za nyuzi katika joto, na tena ina kipasha joto kidogo ndani ya chipu, ambacho unaweza kukiwasha kwa programu ili kukausha matone yaliyotua juu yake. Watengenezaji walikikusudia hasa kwa kukagua kama kihisi kinafanya kazi, lakini kinasaidia pia katika ukungu kama ule uliomshinda Binti wa Machame katika DHT22. Baada ya kukiwasha na kukizima, subiri kipoe kabla ya kuamini usomaji.

Lakini kuna jambo lililo juu ya yote haya, na naomba ulizingatie kabla ya kulipa hata senti. Kihisi cha bei ghali kilichopigwa na jua kitakupa namba mbaya kuliko kihisi cha bei nafuu kilicho kivulini penye hewa, na kosa la jua si la sehemu za nyuzi bali la nyuzi kadhaa. Chukua sahani za plastiki nyeupe, zile za kuwekea chini ya vyungu vya maua, zitoboe katikati isipokuwa ile ya juu, zipange kwa kuachana kama sentimita 2 kwa vijiti virefu vya nati, kihisi kikae katikati. Ziinue kati ya mita 1.25 na mita 2 juu ya nyasi. Usifunge kituo chini ya paa la bati wala kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, kwa sababu utakuwa unapima joto la bati na ukuta.

Na kihisi chochote utakacholetewa, kipime kabla ya kukipandisha. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, iloweshe kwa maji kidogo iwe kama uji mzito, weka kifuniko pamoja na kihisi ndani ya chombo kinachoziba vizuri, uviache usiku kucha mahali ambapo joto halibadiliki. Hewa iliyo ndani itatulia kwenye unyevu wa takriban asilimia 75, na hivyo ndivyo chumvi ya kawaida ilivyo kila mahali duniani. Kihisi kikisoma 82, unajua kinazidisha kwa 7.

MzeeKisongo (Arusha)

Mwalimu, umefundisha vizuri habari ya umande, lakini hujagusa baromita. Mkulima amesema wazi kwamba mvua ilimwoshea dawa jioni hiyohiyo. Umande haukumwoshea dawa. Anahitaji chombo cha kumwonya mapema, na SHT31 haipimi mgandamizo.

MwalimuMoshono (Arusha)

Shikamoo, Mzee wangu. Naiheshimu baromita, na kanuni uliyoitaja ni ya kweli katika nchi za mbali na ikweta, ambako mifumo mikubwa ya hewa hupita na kushusha mgandamizo kwa makumi ya hektopaskali. Huku kwetu, tukiwa nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa utaratibu wake, iwe mvua iwe jua. Hufika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na tofauti hiyo ni ya hektopaskali chache. Wanafunzi wangu wakiuchora kwenye karatasi ya grafu, wiki nzima huonekana mawimbi yanayofanana. Mabadiliko yanayoletwa na mvua ya alasiri humezwa humo, na mtu asiyejua ataona mgandamizo unashuka kila alasiri na kudhani mvua inakuja kila siku.

Jambo la pili ni mwinuko. Baromita ya Uru itasoma karibu hektopaskali 870, wakati Moshi mjini ni kati ya 915 na 920, na si kwamba Uru kuna dhoruba. Kila mita 9 au 10 unazopanda, mgandamizo hupungua kwa hektopaskali 1. Programu nyingi za simu zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa pwani na zitaandika dhoruba kwenye kioo mwaka mzima usipoingiza mwinuko wako.

MzeeKisongo (Arusha)

Marahaba, Mwalimu. Mawimbi hayo nayafahamu, na ndiyo maana mtu hulinganisha saa kumi ya leo na saa kumi ya jana, halinganishi asubuhi na jioni. Ukifanya hivyo kwa misimu kadhaa, utaona siku za vuli zinavyojitenga na siku za kiangazi. Sikubali kwamba baromita haina kazi. Na bado hakuna aliyenijibu kuhusu upepo.

FundiNjiro (Arusha)

Mzee, kuhusu upepo uko sahihi kwa Kisongo. Ila kipimo rasmi cha upepo hufanyika mita 10 juu ya ardhi mahali peupe, na ndani ya migomba ya Uru vikombe vitazunguka au kusimama kutegemea jani lililo mbele yake. Kwa kupiga dawa, kitambaa chepesi kwenye mti kinamtosha. Fedha hiyo ningeipeleka kwenye mvua.

BintiMachame (Moshi)

Hapo kwenye mvua tumefika penyewe. Kaka, kabla ya kununua kipima mvua cha umeme, weka cha mkono, maana hakina cha kuharibika na ndicho utakachotumia kukisahihisha kile kingine. Vipimio vingi vya vituo vyetu vina mdomo wa sentimita 12.7. Ukipata faneli yenye kipenyo hicho ukaifunga juu ya chupa, kila milimita ya mvua itakupa karibu mililita 12.7 za maji, ambazo utazipima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Soma saa tatu kamili asubuhi kila siku, kama wafanyavyo watu wa mamlaka ya hali ya hewa, ili namba zako zilinganishike na zao. Huku mlimani hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa mvua huongezeka kadiri unavyopanda kuelekea msituni, na taarifa ya Moshi mjini haisemi lolote juu ya kihamba chako.

MkulimaUru (Moshi)

Nawashukuru sana. Chupa na faneli nitaweka. Lakini dada, cha mkono kinaniambia asubuhi kwamba jana ilinyesha milimita 20. Hakiniambii kama ilinyesha saa kumi jioni, saa mbili baada ya dawa, au usiku wa manane dawa ikiwa imekwisha kukauka. Kwa kopa, saa ndiyo inayoamua. Nimeona vile vyenye vikombe viwili vinavyopinduka. Vinafaa?

FundiNjiro (Arusha)

Vinafaa, na kwa kazi yako naviona muhimu kuliko mabishano yote ya BME na SHT. Maji hujaza kikombe kimoja, kinapinduka, sumaku inapita mbele ya swichi, na bodi inahesabu. Vile vya plastiki vinavyopatikana kwa wingi huhesabu milimita 0.2794 kwa kila mpinduko. Usiiamini namba hiyo bila kupima: pima eneo la mdomo, mimina kwa sindano polepole maji unayoyajua kiasi chake, hesabu mipinduko, tafuta namba yako mwenyewe. Mvua ikiwa kubwa sana hupunguza hesabu, kwa kuwa maji yanaendelea kuingia wakati kikombe kinapinduka. Weka wavu juu, la sivyo nyigu na buibui watajenga humo. Katika programu, puuza mguso wowote unaofuata ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, kwa sababu swichi hutetemeka na mpinduko mmoja huweza kuhesabiwa kama mitatu.

Sasa kuna tatizo ambalo wauzaji hawakwambii, nalo linahusu bodi yako. Kwa betri na paneli ndogo, utataka ESP8266 ilale usingizi mzito kati ya usomaji na usomaji. Ikiwa imelala haihesabu mipinduko, na mvua yote inayonyesha katika dakika hizo hupotea. ESP32, ambayo ni bodi nyingine ya aina hiyo, huweza kuamshwa na pini yenyewe swichi inapogusa, ikaongeza hesabu, ikalala tena. Kwa hiyo ningeongeza ESP32 kwenye orodha ya shemeji. NodeMCU ibaki nyumbani kupokea data.

Na mita 80 zisikudanganye. Nyaya za BME280 au SHT31 hazifai kuvutwa hata mita chache, kwa hiyo bodi ikae palepale na vihisi, na data ndiyo isafiri. Waifai ndani ya migomba yenye majani mabichi hupungua nguvu sana. Nenda na simu hadi pale, uangalie kama mtandao wa nyumbani unashika. Kama haushiki, itabidi utafute moduli mbili za LoRa, yaani redio ndogo za kutuma data mbali, na hapo laki mbili itaanza kubana. Na hujatuambia bado: je, una mahali peupe? Kipima mvua kinatakiwa kiwe mbali na kizuizi angalau mara mbili ya urefu wake. Migomba ya mita 5 inadai nafasi ya mita 10.

MkulimaUru (Moshi)

Mahali peupe ni pale kwenye maharage, kama mita 12 kutoka kwenye migomba, lakini kahawa ipo ndani ya migomba. Nitaangalia mtandao kesho. Swali jingine: kile kibamba cha kuhisi matone kinachouzwa kwa bei ndogo kinaweza kuniambia kama jani limelowa, nikaepuka hesabu za umande?

BintiMachame (Moshi)

Kinaweza kwa muda mfupi. Mistari yake ya shaba huliwa na umeme unaopita kwenye maji, na kikiachwa kimewashwa wakati wote hakimalizi masika. Kiunganishe na pini inayowashwa wakati wa kusoma tu, kisha izimwe. Kiinamishe kama jani lenyewe lilivyo, na kikae ndani ya kahawa, si kwenye maharage. Mimi nacho na kinanisaidia kuliko kihisi cha unyevu, kwa sababu jani la kahawa lililo chini ya mgomba halipoi usiku sawa na jani lililo wazi mbele ya anga.

MwalimuMoshono (Arusha)

Nakubaliana na Binti, ila kibamba hicho hakina kipimo kinacholinganishika na cha mtu mwingine. Ukitaka kuonana na wataalamu wa kahawa pale Lyamungu na kuwaonyesha jedwali lako, watauliza joto, unyevu na mvua. Ningeweka vyote, kibamba kikiwa shahidi wa pembeni.

SakinaSola (Arusha)

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha. Kwa nini Mkulima asiweke data yake mtandaoni na kuwatumia majirani wote utabiri kwa simu? Kijiji kizima kingenufaika.

MwalimuMoshono (Arusha)

Wazo ni jema, ila tutofautishe mambo mawili. Kupima kwenye shamba lako kwa matumizi yako ni jambo moja, na kutangaza utabiri kwa umma ni jingine. Uanzishaji wa vituo na utoaji wa taarifa za hali ya hewa vinasimamiwa na Sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ya mwaka 2019. Kabla ya kuwatumia watu chochote, aende kwenye ofisi ya Mamlaka aeleze anachokifanya. Pengine watamwonyesha pia namna ya kukiweka kituo vizuri.

MkulimaUru (Moshi)

Nimewasikia. Orodha hadi sasa ni kipima mvua cha vikombe, ESP32, na vibamba viwili vya matone ili kimoja kiwe akiba. Kati ya BME280 na SHT31 bado sijaamua. Mwalimu amenishawishi kwa hoja ya umande, Fundi amenishawishi kwa bei na umeme, na shemeji ataniletea picha kutoka dukani nizitume hapa kabla hajalipa.

MzeeKisongo (Arusha)

Chukua BME280, kijana wangu. Ndani yake kuna baromita, na siku moja utanikumbuka.

MwalimuMoshono (Arusha)

Mzee, kwa fedha iliyobaki anaweza kuchukua SHT31 pamoja na BMP280. Anwani zao hazigongani, na nyaya ni zilezile mbili.

FundiNjiro (Arusha)

Hilo linawezekana, ila jumla itazidi bei ya BME280 moja, na ana vipuri vingine vya kununua. Asisahau sanduku lisilopitisha maji.

MamaRau (Moshi)

Habari zenu wote. Mimi nalima mpunga huku chini kwenye skimu ya umwagiliaji, mvua yenu ya Uru na Machame ndiyo maji yangu. Je, vifaa hivi hivi vinaweza kupima kina cha maji kwenye mfereji, ili nijue usiku kama zamu yangu imefika bila kutembea na tochi?

FundiNjiro (Arusha)

Mama, inawezekana kwa kihisi kinachotuma sauti na kusikiliza mwangwi wake kutoka juu ya maji. Chukua JSN-SR04T, ambayo kichwa chake hakipitishi maji, wala si HC-SR04 ya kawaida ambayo itaoza. Kifungwe juu ya mfereji kwenye ubao imara, na kisikaribie maji kwa chini ya sentimita 25, kwa sababu karibu zaidi ya hapo hakisomi. Spidi ya sauti huongezeka kwa mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi 1 ya joto, kwa hiyo ukiweka na kipimajoto cha DS18B20 kando yake utapata kina sahihi zaidi mchana na usiku. Kabla sijaendelea, naomba unieleze mfereji una upana gani, maji hupanda kiasi gani zamu inapofunguliwa, na kama mtandao wa simu unapatikana pale pale kwenye mfereji.